Fomu Haijui Kiswahili

Toa kipande chako mfukoni ukitazame vizuri, kile cha plastiki ambacho wengi wetu tungali tunacho. Juu kabisa pameandikwa JAMHURI YA KENYA, na kando yake REPUBLIC OF KENYA. Kiswahili kimekwisha hapo. Jina lako, siku uliyozaliwa, wilaya uliyozaliwa, mahali kipande kilipotolewa, hata pale ulipotia sahihi, kila kitu kimetiwa kichwa cha Kiingereza. Sasa toa noti. Utaona BANKI KUU YA KENYA, tena kwa tahajia yake yenyewe, "banki" wala si "benki". Serikali yetu ikitaka kujitaja hujitaja kwa Kiswahili. Ikitaka kukuuliza jambo, ndipo inapogeuza lugha.

Hebu hesabu majina: Huduma Kenya, Inua Jamii, Linda Mama, Kazi Mtaani, Maisha Namba, Gava Mkononi. Mradi ukizinduliwa hupewa jina ambalo hata nyanya yako atalishika mara moja. Ingia ndani ukajaze fomu, ujue kwamba jina lilikuwa la mlangoni tu.

Khalati yangu anakaa Timbwani, Likoni, karibu na barabara ya Shelly Beach. Mwaka aliofiwa na mumewe alitakiwa kujaza fomu ya ofisi moja ya serikali kwenye mtandao, akaenda saiba iliyo karibu na feri. Kijana wa saiba ni wa mtaani, Mswahili kama yeye, mwenye adabu zake. Alipofika pa hali ya ndoa alimuuliza, "Mama, una mume?" Khalati akajibu, "Sina, mwanangu." Kijana akabonyeza "single", akalipwa hamsini yake, khalati akarudi nyumbani. Kumbe katika fomu ile "single" ni mtu asiyewahi kuolewa. Mjane ana pahali pake, "widowed", mistari miwili chini. Miaka miwili baadaye khalati alipofuatilia haki za marehemu, aliambiwa kaunta kwamba kumbukumbu zake zaonyesha hajawahi kuwa na mume. Cheti cha kadhi anacho. Eda alikaa. Watoto wanne wamo nyumbani.

Watazame waliohusika: mama, kijana, na karani wa kaunta. Wote watatu wamezungumza Kiswahili tangu utotoni. Hakukuwa na Mwingereza hata mmoja karibu. Kosa liliingia katika zile sekunde mbili ambapo swali liligeuzwa kutoka Kiingereza na jibu likarudishwa huko huko.

Kwingine watu hugombana kama serikali iseme lugha nyingine au isiseme. Marekani, tarehe 1 Machi 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, akafuta amri ya Bill Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali ziwasaidie wasiokimudu. Kwetu sheria imekwisha kutoa jibu zamani. Linalobaki kwetu ni nani anayetafsiri, na akikosea nani atakayebeba lawama. Kwa sasa anayetafsiri ni kijana wa saiba, na anayebeba ni khalati.

Sheria ilichosema, na ilichonyamazia

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika Kifungu cha 7 kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Watu wengi hukariri sehemu ya kwanza wakaisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo yenye kazi. Lugha ya taifa ni heshima. Lugha rasmi ni ile ambayo barua yake hupokelewa ofisini. Kwa hivyo barua uliyoiandika kwa Kiswahili ni barua kamili, na hakuna afisa mwenye ruhusa ya kukurudishia kwa sababu tu si ya Kiingereza.

Lakini usitoke hapa ukaenda kuwapigia watu kelele. Kifungu hicho hakisemi kwamba kila fomu lazima ichapishwe kwa lugha zote mbili, wala hakimwekei adhabu afisa asiyefanya hivyo. Na Kifungu cha 259 kinasema wazi kwamba tafsiri za Katiba zikigongana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Ngazi imewekwa, na sisi tuko kidato cha pili.

Mchezo huu si mpya. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru wabunge wajadiliane kwa Kiswahili. Miswada ikabaki ya Kiingereza. Mbunge alisimama na karatasi ya Kiingereza mkononi na Kiswahili mdomoni, na kufikia 1979 Kiingereza kilikuwa kimeruhusiwa tena kwenye mjadala. Kaunta ya leo ndilo Bunge lile la 1974: karani anakusemesha Kiswahili safi huku vidole vyake vikiandika Kiingereza.

Kuna kichekesho kimoja kwenye Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Mgeni aliyekaa nchini na kuomba uraia anatakiwa aelewe na azungumze Kiswahili au lugha ya kienyeji. Kiingereza hakikuulizwa. Fomu ya kuombea uraia wenyewe, nadhani unajua ni ya lugha gani.

Usiombe kusemeshwa, omba kusomewa

Ukivuka feri kwenda Huduma Centre pale Posta, Barabara ya Digo, karibu kila utakayemkuta dirishani atakujibu kwa Kiswahili. Hapo hapana vita. Tatizo liko kwenye kile anachokiandika baada ya kukusikiliza. Ndiyo maana ombi lenye faida ni moja, na laweza kutamkwa kwa upole: "Mwanangu, kabla sijatia sahihi, hebu nisomee ulivyoandika, kwa Kiswahili." Kama afisa ni mkubwa wako, badilisha mwanzo tu. Sentensi hiyo hufanya kazi kwa chifu, kituo cha polisi, hospitali, kwa wakili, na saiba vilevile. Khalati angeitumia, kijana angesoma "hujawahi kuolewa", na mambo yangekwishia palepale.

La pili, usiijaze fomu mara ya kwanza siku unayoipeleka. Fomu nyingi zaweza kutolewa kopi mapema. Ichukue nyumbani, umpe mtu anayejua Kiingereza na anayekujua wewe. Hayo mawili si sawa. Binti wa jirani aliye kidato cha tatu anajua kwamba mumeo alifariki, kwamba mwanao wa kwanza alizaliwa Msambweni kabla hamjahamia Likoni, na kwamba jina la babako liliandikwa vingine kwenye hati ya shamba. Mtu wa saiba hajui lolote katika hayo, na ana foleni nyuma yako.

La tatu, ukifika ofisini tafuta ukutani ule ubao wa huduma: unachotakiwa kuleta, ada yake, na siku utakazongoja. Ofisi nyingi zimeubandika kwa Kiingereza na Kiswahili, wa Kiswahili mara nyingi ukiwa nyuma ya mlango au juu ya kabati. Upige picha kwa simu. Mtu akikudai ada ambayo haimo, unamwonyesha picha wala huhitaji kupandisha sauti.

Majina yetu ndani ya fomu yao

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa pwani wamepoteza siku nyingi za kazi kwa jambo hili kuliko lingine lolote nilijualo.

Fomu inauliza "surname". Kwa Mwingereza hilo ni jina la ukoo: babu, baba na mwana wanalo lile lile. Sisi wengi hatuna kitu hicho. Tuna jina la mtu, la baba, na la babu, na zamani katikati palikuwa na bin au binti. Mwanamke akiitwa Mwanaisha Omari Hamisi, "surname" yake ni ipi? Siku ya kipande aliandika Hamisi. Siku ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nesi aliandika Omari. Siku ya benki, karani alichukua la kwanza kwenye kipande. Mtu mmoja amekuwa watatu, na kila ofisi inaapa kwamba ya kwake ndiyo sahihi.

Ongeza tahajia. Aliyezaliwa Khadija hutoka ofisini akiwa Hadija, kwa kuwa karani aliyeandika anatoka mahali ambapo "kh" haitamkwi. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Mwanaisha akakatwa vipande viwili, Mwana Aisha. Kwa sikio ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ni jirani yake.

Dawa ni rahisi, lakini ni ya kuwahi. Amua leo tahajia moja na mpangilio mmoja wa majina matatu, kwa kufuata kipande chako, uandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Usimtamkie karani jina. Mpe karatasi anakili. Mama anayekwenda kujifungua aende nayo, kwani ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa inayojazwa hospitalini ndiyo mama wa vyeti vyote vitakavyofuata. Mtoto akishaandikwa vibaya hapo, atakuja kulipia kosa hilo siku ya kuomba kipande, akiwa na miaka 18.

Kama majina yamekwisha kugongana, utaambiwa ukaape afidaviti, yaani hati ya kiapo mbele ya wakili anayeruhusiwa kuapisha. Hati hiyo itaandikwa Kiingereza. Hapa kuna kinga ambayo watu hawaijui: mwenye kuapa akiwa hajui kusoma, au haoni, anayemwapisha hutakiwa kuongeza maneno mwishoni kwamba alimsomea hati nzima, akamweleza kwa lugha fulani, naye akaonekana kuielewa. Iombe aya hiyo kwa jina la lugha, "kwa Kiswahili" au "kwa Kidigo". Na hakikisha kweli umesomewa. Nimeona watu wakiapa kwa mkono juu huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Maneno machache yenye meno

"Next of kin" ni mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Si mrithi. Ndugu wengi wamekosana kwa kudhani kwamba aliyeandikwa hapo ndiye mwenye mali. Urithi una sheria zake, na kwa Waislamu una Mahakama ya Kadhi. "Dependant" ni unayemlisha wewe. "Beneficiary" ni atakayepokea fedha, na hapo ndipo pa kuandika kwa uangalifu, kwa majina matatu yale yale ya kwenye kipande. "N/A" maana yake swali halikuhusu, nalo ni bora kuliko kuacha wazi, kwa sababu mwanya mtu mwingine aweza kuujaza.

Mwaka 2016 serikali ilipoanza kuwapa wakazi hatimiliki za shamba la Waitiki, ekari 930 hapa kwetu Likoni, watu waliobishania ardhi ile miaka na miaka kwa Kidigo na Kiswahili walipewa karatasi ya Kiingereza. Kama unayo hatimiliki, au unataka kununua kwa mwenye nayo, fungua ile sehemu ya tatu yenye kichwa "encumbrances". Hayo ni mafundo yaliyofungwa kwenye ardhi. Ukiona neno "charge" usidhani ni ada iliyolipwa. Ni rehani: ardhi imewekwa benki, na mkopo usipolipwa itauzwa. "Caution" ni zuio, mtu amekwenda kusajili kwamba ana dai. Nimemsikia mzee mmoja akieleza kwa furaha kwamba muuzaji ni mwaminifu, "ameshalipa hata chaji, imeandikwa." Alikuwa amebakisha siku tatu kutoa fedha.

Kituoni na kortini

Kituo cha polisi ndipo tafsiri inapofanyika kwa kasi zaidi na kwa hatari zaidi. Unaeleza kwa Kiswahili, afisa anaandika Kiingereza, unatia sahihi. Maneno matatu ya kawaida yatosha kuharibu kesi nzuri.

La kwanza ni ndugu. Umesema "ndugu yangu alikuwepo", ikaandikwa "my brother". Kortini wakili wa upande wa pili atakuuliza ndugu wa tumbo moja una wangapi, nawe utajibu mmoja, naye yuko Oman. Shahidi wako, mtoto wa amu yako, amegeuka uongo. La pili ni mkono na mguu. Kwetu mkono ni wote, toka begani hadi kuchani. Kiingereza kina maneno mawili, na P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, iliyojazwa hospitali ikisema kiganja ilhali maelezo yanasema mkono wa juu, pengo limepatikana. La tatu, ambalo huniumiza kichwa, ni saa. "Saa saba usiku" ni usiku wa manane. Ikiandikwa "7 p.m." umewekwa kwenye tukio wakati watu wanatoka kuswali Magharibi. Sema "saa saba za usiku, baada ya saa sita", na uangalie tarakimu iliyoandikwa. Ikiwa ni 7, sema.

Unaweza pia kuomba maelezo yako yaandikwe kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi. Afisa akikataa kwa kuwa anaharakisha, rudi kwenye lile ombi la kusomewa, na utie sahihi baada ya masahihisho tu. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa, kwamba una haki ya kunyamaza, na kitakachokupata usiponyamaza.

Kortini mambo yamepangwa kwa ngazi. Mbele ya hakimu lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Mahakama Kuu ni Kiingereza. Lakini popote pale, Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumiwa. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na karani wa korti. Sema mapema, siku ya kusomewa mashtaka, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kujibu "ni kweli" au "si kweli". Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, mahakama zetu hushikilia kwamba shtaka na kila kiungo chake lazima lielezwe kwa lugha mshtakiwa anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake kadiri iwezekanavyo. Watu waliosema "ni kweli" wakimaanisha "ni kweli nilikuwepo" wamekwenda rufaa kwa mlango huo. Ukiwa hujaelewa, usiseme ni kweli ili umalize upesi. Sema hujaelewa.

Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga wamekwenda mbele. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale haki inapokihitaji. Jaji Zephrine Galeba wa Musoma alikuwa ameandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, Rais Magufuli akamsifu hadharani na kumpandisha hadi Mahakama ya Rufani. Wanasheria wa Nairobi hujibu kwamba wao wamesoma sheria kwa Kiingereza, vitabu vyao ni vya Kiingereza, na istilahi moja ikitafsiriwa kwa njia mbili mtu aweza kufungwa. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Lakini tazama mifano ya juu: ndugu, mguu, saa saba. Tafsiri mbovu inafanyika kila siku, kwa siri, bila mtu aliyesomea kuitazama.

Hoja ya gharama

Ukimuuliza mtu wa serikali kwa nini fomu si za lugha mbili, atakwambia ni gharama. Hapo mimi humwomba avuke nami feri asubuhi ya Jumatatu. Hamsini ya saiba, mia ya kurekebisha, nauli ya kurudi mjini kwa sababu jina halikulingana, ada ya afidaviti, siku ya kibarua iliyopotea. Gharama ya kutafsiri inalipwa tayari. Inalipwa na mjane wa Timbwani badala ya kulipwa mara moja na idara iliyochapisha fomu.

Na pwani hii haikuwa hivi siku zote. Wakati ukanda wa pwani ungali wa Sultani wa Zanzibar kwa jina na wa Waingereza kwa nguvu, maliwali na mamudiri waliendesha kazi kwa Kiswahili, na maafisa wa kikoloni walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Si kwamba walitupenda. Walijua tu kwamba kodi haikusanyiki kwa lugha ambayo mlipaji haijui. Mtihani umehama upande wa dirisha: zamani alitahiniwa afisa, leo anatahiniwa mwananchi.

Nikubali pia kwamba kuandika fomu kwa Kiswahili hakutatui kila kitu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, Kimvita kikaachwa pembeni. Ukimpa khalati fomu iliyoandikwa "mnufaika" na "mtegemezi" atakutazama kama aliyepewa ya Kiingereza. Muulize "nani atakayepokea pesa hizi?" naye atajibu kabla hujameza mate. Wanaotafsiri fomu wangeanza kwa kukaa saiba ya feri siku mbili, wasikilize kijana anavyouliza.

Na wapo ambao Kiswahili chenyewe ni lugha ya kukopa. Bibi wa Kidigo wa Shika Adabu anaweza kukielewa sokoni asikielewe mbele ya daktari. Katiba inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Ukimpeleka kiziwi ofisini, andika ombi la mkalimani siku kadhaa kabla, kwa sababu ukifika naye ghafla utaambiwa mrudi. Na hospitalini tafadhali msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mamake. Kuna maradhi ambayo mama hatayataja mbele ya mwanawe wa miaka kumi, naye daktari atatibu kile alichotafsiriwa.

Barua, na muhuri wake

Silaha ya mwisho ni barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika, afisa wa habari wa ofisi hiyo anatakiwa amwandikie na ampe nakala. Kupeleka ombi hakuna ada. Utalipia kopi tu. Jibu latakiwa ndani ya siku 21, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Na kama umenyimwa huduma, Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Wasipojibu, au wakikunyima, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, ambayo ina ofisi Mombasa na kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge ana Haki". Hao nao jina la mlangoni ni la Kiswahili, lakini barua ya Kiswahili hupokea.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Ya khalati ilikuwa hivi, kwa mwandiko wa binti yake:

"Kwa Afisa Msimamizi. Naomba kurekebishiwa kumbukumbu zangu. Katika hali ya ndoa nimeandikwa kuwa sijawahi kuolewa. Niliolewa, na mume wangu amefariki. Nimeambatisha nakala ya cheti cha ndoa cha kadhi na cheti cha kifo. Kama hamwezi kurekebisha, naomba nielezwe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili. Wako mtiifu." Kisha majina matatu, namba ya kipande, namba ya simu, tarehe.

Alipeleka nakala mbili. Karani aliisoma ya kwanza yote, midomo ikicheza, akacheka kidogo, akasema, "Mama, siku nyingi sijaona barua kama hii." Khalati akamwambia, "Hiyo ya pili nipigie muhuri, mwanangu, niondoke nayo." Karani akauloweka muhuri kwenye wino wa zambarau akaugonga juu ya sahihi yake: RECEIVED. Khalati aliigeuza karatasi, akaangalia kama tarehe imeshika, akaikunja mara nne akaitia ndani ya pochi pamoja na cheti cha kadhi, akashuka kwenda kupanda feri.